Injini ya gari kwenye kindege cha kujijengea: namna ya kuitunza huku kwetu kwenye chumvi

Kila nikikaa barazani lazma mtu aniulize, hivi kweli injini ya gari inarusha ndege? Inarusha, na si mambo ya jana. Bernard Pietenpol kule Minnesota, Marekani, mwaka 1929 alirusha kindege chake cha mbao kwa injini ya Ford Model A, baadae Wazungu wa Ulaya wakazivamia injini za Volkswagen, na siku hizi wengi wanapenda Subaru kwa sababu silinda zimelala kulia na kushoto, injini inakuwa fupi na haitikisiki sana. Mie ni fundi magari tu, niko Mwanakwerekwe, Unguja, ila ami yangu alikuwa injinia wa meli, alipostaafu akakaa uani kwake miaka anajenga kindege cha watu wawili, akakitia EJ22, injini ya Subaru iliyotoka kwenye Legacy ya mtumba, na mwenye kuingia nayo mikono ndo mie. Kwa hiyo haya nnayoandika ni ya kuchafuka.

Karatasi kwanza. Mambo ya anga ni ya Muungano, uwe Unguja uwe Pemba mlango ni ule ule wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, usije ukasema chombo changu mwenyewe ntakirukia kiwanja cha mpira. Na fundi gari kama mie, kazi yangu lazma aje aitizame mtu mwenye leseni ya ndege kabla mtu hajapanda. Hilo sibishani na mtu.

Sasa uelewe kitu kimoja kabla hujashika spana. Pistoni, krenki, bloku, hivyo mara chache vinakuangusha, Mjapani alishavifanyia kazi. Kinachozima injini ya gari ikiwa kwenye ndege ni vile tulivyoviongeza sie: waya, mpira wa maji, klipu, pampu ya petroli, rejeta iliyosokomezwa pahala pasipopita upepo, na ile giaboksi ya kupunguza mzunguko wa propela. Ukiwa na saa mbili za sevisi bas nusu saa ipe injini, iliyobaki ipe vilivyoizunguka. Sie mafundi gari tunafanya kinyume, tunakimbilia plagi na oili halafu tunafunika boneti.

Hesabu pia inabadilika. Gari unahesabu kilomita, huku unahesabu saa, na saa ya ndege si sawa na saa ya gari. Ukienda Makunduchi na Legacy yako injini inazunguka kama 2,000 kwa dakika, ni 120,000 kwa saa, tena muda mwingi mguu umegusa tu. Kindege cha ami kikiwa juu injini iko 4,500, hiyo ni 270,000 kwa saa, na imebeba mzigo muda wote, ni kama unapanda mlima usiokwisha na sisi Unguja hata mlima wa kujaribia hatuna. Kwa hiyo oili tunabadilisha kila saa 25, filta pamoja nayo, na sijali kopo limeandikwa ni ya kilomita elfu kumi.

Filta usiitupe. Ikate uitizame ndani. Usikate kwa msumeno maana vumbi la chuma cha msumeno litaingia kwenye karatasi halafu utakaa usiku kucha unadhani beringi zimekwisha, tafuta kikatio cha gurudumu kinachozunguka kama unavyofungua kopo la maziwa. Toa ile karatasi iliyokunjwa, ikunjue, isuuze kwa petroli kidogo ndani ya bakuli jeupe, halafu pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma, yaani kemshafti, krenki au gia, visivyonasa vikiwa vyeupe ni aluminiamu ya pistoni, vikiwa na rangi ya shaba shaba ni beringi. Vumbi jepesi kwenye injini mpya ni kawaida, lakini ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, kindege hakiruki siku hiyo wala wiki hiyo. Na ukikuta vijisega vya silikoni, ile gundi ya gasketi, jua kuna fundi mwenzangu alipaka kama anapaka siagi, ya ziada inamong'onyoka inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili chini kwenye sampu. Silikoni inapakwa nyembamba kama uzi, bas.

Sasa nije kwenye waya maana hapa ndo nilipoaibika. Masika moja kindege kilikaa wiki tatu chini ya turubai. Mvua ilipopumua ami akakiwasha, kikawaka vizuri, joto likapanda vizuri, alipokandamiza mpaka mwisho ikaanza kukohoa, inakata inarudi, inakata inarudi. Nikabadilisha filta ya petroli. Nikabadilisha plagi. Nikatoa pampu nikaipima, nzima. Nikaanza kuitukana kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Ami kakaa juu ya ndoo ananitizama tu, mwisho akanambia, "mwanangu, kitu kikikata na kurudi sie melini tulikuwa tunaanza na waya wake, kitu chenyewe baadae." Nikaona haya lakini nikachukua mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye bloku, ami akapiga stata, mita ikasoma volti 1.4. Hapo mie nataka isizidi 0.3 hivi. Waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na bloku, kwa nje ulikuwa safi kabisa, kichwa kinang'aa, nimeukaza kwa mkono wangu mwenyewe. Nikachana plastiki yake kwa wembe, kama vidole viwili kutoka kwenye kichwa, shaba yote imekuwa unga wa kijani, zilizobaki zinashika ni nyuzi chache za kuhesabu, injini ikitikisika kwa nguvu zote zinaachana, ikitulia zinagusana. Hiyo ni chumvi, inaingia kwa kwenye kichwa inatambaa ndani ya plastiki hujui. Ingekuwa gari angesukumwa pembeni pale Amani, kwa ndege ingekuwa ashapita Nungwi na mbele ni maji matupu mpaka Pemba.

Tangu siku hiyo natumia waya wa boti, ule ambao shaba yake imepakwa bati ina rangi ya fedha, kichwa nakibana kwa koleo lake halafu navalisha mpira ule wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota na kuviringa selotepu ni marufuku. Ethi ziko mbili, kila moja imefungwa boliti yake, na kila miezi sita napima na mita wakati stata inazunguka, kwa macho siamini tena. Soketi za sensa nazifungua, nazipuliza, natia ile grisi ya umeme kidogo, nazirudisha mpaka zilie tiki.

Na kumbuka injini kama EJ22 bila umeme haina petroli wala cheche, si kama magneto ya injini za ndege inayojitengenezea umeme wake. Kwa hiyo betri mbili, pampu mbili, kila moja na fyuzi yake na swichi yake. Kabla ya kuruka unazima pampu moja unatizama geji, unarudisha, unazima ya pili. Alteneta ikiwa nzima utaona kati ya volti 13.8 na 14.4, ikishuka 12 na kitu ujue unaruka na muda wa kuazima. Muda wenyewe uujue, ndege ikiwa chini imefungwa toa alteneta, washa saa, ona betri inaibeba injini dakika ngapi, andika namba ibandike mbele ya rubani.

Maji. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, maji ya kisima na ya mfereji yamebeba chokaa, tizama ndani ya birika lako la chai lile gamba jeupe, sasa gamba hilo hilo ndo linajenga ndani ya rejeta. Tia maji ya betri, yale yaliyosafishwa, changanya na kulanti nusu kwa nusu, badilisha kila baada ya miaka miwili. Kofia ya rejeta watu wanaidharau lakini ile namba 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ndo presha inayofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120, mpira wake ukifa maji yanachemka 100 kama ya ugali. Kofia mpya bei yake ni ya kawaida, usinunue ya mtumba.

Halafu kuna ile tabia yetu ya kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, gari likichemsha tu fundi anaing'oa anakwambia huku ni nchi ya joto haina kazi. Ina kazi. Ukishuka kutoka juu na gesi umepunguza, upepo unapita kwa nguvu kwenye rejeta, injini inapoa kupita kiasi, oili haipati joto la kukausha unyevu. Ijaribu kwenye sufuria, itie na kipima joto, kwenye nyuzi 78 hivi ianze kufunguka, isipofunguka badilisha. Na ukishajaza maji toa hewa, EJ ina nati yake ya kutolea hewa juu ya rejeta, lakini ukiwa umehamisha rejeta chini au ubavuni, pahala pa juu kabisa ndo pawe na kitoleo. Hewa ikibaki ndani geji inaonesha joto zuri huku kichwa cha injini kinaungua, maana sensa imekaa kwenye hewa haigusi maji.

Mipira ya maji ibonye ikiwa baridi. Ikiwa laini kama maandazi karibu na klipu, au ngumu inalia kama biskuti, itoe. Miaka miwili mie natoa hata ikiwa nzuri. Klipu nenda dukani na sumaku, nyingi zinauzwa za chuma kisichoshika kutu lakini ile skurubu yake ni chuma cha kawaida, sumaku inanasa, miezi sita kwenye hewa ya bahari imeshakatika. Klipu ukiikaza injini baridi, ikishapata moto ikapoa ikaze tena. Na rejeta yenyewe haipoi kwa kuwa kubwa, inapoa kwa hewa kupita ndani yake. Hewa ni mvivu, ukiacha mwanya wa kidole pembeni itapita hapo. Ziba mianya yote kwa mpira. Ukiwasha chini kwa muda geuza pua kwenye upepo, kusi ikivuma itizame kusini, kaskazi itizame kaskazini, na usikae dakika ishirini unaringishia watoto.

Petroli: asubuhi toa kidogo chini ya tanki kwenye chupa ya kioo, itizame kwenye mwanga. Huku unyevu mwingi, tanki likilala nusu hewa iliyomo inatoa jasho usiku, maji yanazama chini, na maji chini ndo pale pampu inaponyonyea. Kwa hiyo lilale limejaa. Ukitaka kujua kama petroli imetiwa alkoholi, tia maji kidogo kwenye chupa nyembamba, piga mstari, jaza petroli, tikisa, iache itulie, maji yakipanda juu ya mstari ujue ipo, na alkoholi inakula mipira na baadhi ya matanki ya faiba. Jambo jengine ni petroli kuchemka ndani ya bomba ukizima injini mchana wa kaskazi halafu ukawasha baada ya robo saa, bomba limepita karibu na ekzosi, ndani mvuke mtupu, pampu inazunguka haisukumi kitu. Dawa yake pampu ikae karibu na tanki, isukume kuliko kuvuta, bomba livalishwe soksi ya kuzuia joto, na kuwe na bomba la kurudisha petroli tankini ili iwe inazunguka.

Wenye Volkswagen ya kabureta nawatajia barafu. Mtacheka, barafu Zanzibar! Petroli ikigeuka mvuke kwenye koo la kabureta inavuta joto, hewa inapoa zaidi ya nyuzi 20, na unyevu wetu unaujua, kwa hiyo hata siku ya nyuzi 28 ukiwa unashuka na gesi umeifunga, barafu inajenga ndani taratibu na injini inazimika bila kelele. Ukitua unafungua unakuta kikavu, ishayeyuka, unamlaumu mwenye sheli. Hakikisha kebo ya kuingizia hewa moto kwenye kabureta inafanya kazi, ukiivuta chini mzunguko lazma ushuke kidogo, usiposhuka haileti kitu. Na valvu za hiyo injini zipime injini ikiwa baridi kabisa, 0.15 mm kama injini yako ni ya kawaida, kila saa 25, kwenye Beetle silinda namba 3 ndo ilikuwa ikiungua mwanzo kwa kuwa kipoza oili cha zamani kilikaa mbele ya upepo wake.

Giaboksi ya propela sasa. Ncha za propela hazitaki kukaribia mwendo wa sauti, ndo maana 4,500 ya injini inapunguzwa kama mara mbili. Ikiwa ya belti yenye meno, tizama meno yote ukizungusha kwa mkono, unga mweusi mwingi upande mmoja ujue puli hazijalingana. Ikiwa ya gia, ina oili yake na nati yenye sumaku, ifungue kila sevisi ufute sumaku kwa kitambaa cheupe. Kaplingi ya mpira iliyopo katikati inafyonza mapigo ya silinda, ikipasuka mapigo yanakwenda moja kwa moja kwenye gia. Ukisikia gia zinagongana injini ikiwa mzunguko mdogo, kwata kwata kwata, usiiache hapo, ipandishe mpaka itulie, na hiyo iwe ndo sailensa yako, yaani mzunguko mdogo kabisa unaoiachia injini. Belti na kaplingi zina muda wake aliouandika aliyetengeneza, ufuate huo huo.

Taiming belti, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, kwenye injini ya mtumba badilisha kabla haijafungwa kwenye ndege, na tenshena na pampu ya maji humo humo, hujui imelala bandarini Japani miaka mingapi. EJ22 za mwanzo belti ikikatika valvu hazigongi pistoni, EJ25, Subaru nyengine, zinagonga, lakini ukiwa juu injini imezima ni imezima tu.

Nati zote za muhimu nikishakaza kwa toki spana napiga mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokaa. Mke wangu alidhani nina mtu mwengine aliponikuta nayo mfukoni, nyekundu ile ya kung'aa. Mstari ukivunjika nati imetembea, unaona kwa tochi hata bila spana. Za propela na giaboksi zinafungwa pia na waya wa kuzuia zisilegee.

Kila saa 50 napima upumuaji wa silinda. Unafunga pistoni juu, unaingiza hewa ya psi 80 kwa geji mbili, ya pili ikisoma chini ya 60 tafuta hewa inatokea wapi. Ikilia kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, ikilia kwenye koo la hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, na rejeta ikitoa mapovu ni gasketi ya kichwa. Hewa hiyo inaweza kuzungusha propela ghafla, mtu aishike vizuri na asisimame mbele yake. Kwa ujumla propela ichukulie imewashwa siku zote, hata funguo ikiwa mfukoni mwako.

Ekzosi itizame kwenye maungio, mpasuko unaanza kama mstari wa majivu meupe. Ule moshi ukiingia kibandani una sumu isiyo na harufu, rubani analala tu.

Chumvi inaoshwa kwa maji baridi, yale yasiyo ya bahari, si kwa presha ya kuoshea gari maana inasukuma maji ndani ya soketi, ndoo na sponji, halafu futa. Na kindege kisichoruka usikiwashe dakika tano kila wiki kwa huruma, dakika tano zinatengeneza unyevu kwenye oili na hazifiki joto la kuukausha, unakiozesha kwa upendo. Kama kinaruka, kiruke dakika arobaini oili ipate moto sawasawa. Kama hakiruki mwezi mzima, tia oili mpya, nyunyiza oili kwenye silinda kwa tundu la plagi, ziba ekzosi na koo la hewa, na ukiache kimya.

Ziba na matundu madogo. Nyigu wa udongo wa huku ana siku mbili tu anajenga kwenye kipumuo cha tanki, tanki likikosa hewa petroli haishuki na utabadilisha pampu tatu bila kuelewa. Ami amefunga kila kizibo kipande cha khanga nyekundu cha urefu wa mkono, kinapepea nje, ili asiruke amekisahau, na vinahesabiwa vikitoka: vitano, vinaingia kwenye mfuko wa kiti ndo anawasha.